Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Nyumba tuliyopanga Somanda ilikuwa na vyumba vinne, choo kimoja cha shimo, na mwenye nyumba ambaye tulimwona mwisho wa mwezi tu. Mimi nilikaa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Bariadi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Binza kule Maswa, na ulimi wangu ulikuwa mkubwa kuliko mshahara wangu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Bidhaa zilizopotea madukani tangu nikiwa mtoto zilirudi zote kwa mkupuo, mitumba ikamwagwa chini mnadani, wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuonekana na mizani zao, na kila mwenye nyumba iliyo karibu na barabara akaanza kuota fremu za maduka. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu tuliijua kama jina la mto.

Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja mshona nguo, pamoja na mama yake mzazi. Huyo mshona nguo ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku zile, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta, na sijakutana na mwenye akili kama yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye miaka kama arobaini na tano, na alishonea kwenye baraza ya duka la jirani. Mitumba ilipoingia, watu waliacha kushona nguo mpya. Mafundi wengine waliuza vyerehani vyao wakarudi kulima. Yeye alihamishia cherehani chake mnadani, kando kabisa ya marundo ya mitumba, akawa anawapunguzia wanunuzi suruali za Wazungu hapo hapo kabla hawajaondoka. Ile biashara iliyokuja kumuua akaigeuza kuwa shamba lake.

Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Alitolewa kijijini ili awe karibu na hospitali, na kila wiki binti yake alimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga kiunoni kwa kanga, akaisukuma taratibu hadi kliniki. Tungehama kwenda upande mwingine wa mji, safari hiyo isingewezekana tena. Hilo alilisema wazi tangu mwanzo: "Mimi hapa siondoki. Mama akishindwa kufika hospitali, nimemwua mwenyewe."

Tatizo lilikuwa ukuta. Vyumba vitatu vya mbele vilijengwa kwa tofali, lakini chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye, cha fito na udongo, juu ya ule udongo mweusi wa mbuga ambao kila mtu wa kwetu anaujua tabia zake: kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama, mvua ikinyesha unavimba na kusukuma kila kilicho juu yake. Mwaka ule ukuta wa nyuma wa chumba kile ulianza kutoa kitambi kwa ndani. Ulipasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha vidole vinne. Mpangaji wa chumba cha tatu, mtengeneza baiskeli, aliuegemeza kwa nguzo ya mkaratusi ndani ya chumba, na kila aliyeiona ile nguzo alielewa kwamba mvua za mwisho wa mwaka zikianza, ukuta utamlalia yule bibi. Tulikuwa na miezi sita.

Mwenye nyumba aliishi Nkololo, mtu wa ng'ombe wengi na pamba nyingi. Alipokuja kuchukua kodi tulimwonyesha ufa. Aliutazama kwa mbali akiwa ameshika baiskeli yake, akasema, "Nitaangalia." Mwezi uliofuata akasema tena, "Nitaangalia." Mwezi wa tatu hakuja kabisa, alimtuma mtu.

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Mtu wa masjala ana imani moja, kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea na jambo lililoandikwa vizuri limekwisha. Nilibaki ofisini saa ya chakula, nikapiga barua kwa taipu. Nakumbuka kichwa chake chote: YAH: KUBOMOKA KWA UKUTA WA CHUMBA NAMBA NNE. Vyumba vyetu havikuwa na namba, nilivipa mimi siku ile. Chini niliweka nakala kwa balozi wa nyumba kumi, nakala kwa bwana afya, na nakala kwa jalada. Nilimpa mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anakwenda Nkololo, nikarudi nyumbani nikitembea kwa madaha.

Sikupata jibu. Nikaandika ya pili, kali zaidi. Nikaandika ya tatu, na humo nikataja baraza la kesi za wapangaji, ambalo nilikuwa nimelisikia tu ofisini, na lililokuwa Shinyanga mjini, mbali kiasi kwamba nauli ya kwenda na kurudi ingenimaliza. Mchuuzi wa dagaa ndiye aliyetuletea habari. Mwenye nyumba hakusoma Kiswahili cha ofisini kwa urahisi. Alipoona karatasi ya taipu alidhani ameitwa mahakamani. Alikaa siku mbili bila kula vizuri. Alipopata wa kumsomea na kugundua kwamba ni wapangaji wake tu, hasira zikampanda hadi utosini.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Badala yake niliwakusanya wenzangu uani nikawaambia tusimlipe kodi mpaka atengeneze. Mtengeneza baiskeli alikubali haraka, mwalimu wa chumba cha pili akakubali kwa kusitasita. Yule mama alikuwa anakata uzi kwa meno. Alisema, "Mwanangu, hiyo kodi ndiyo mlango wetu. Ukiufunga, unamfungia nani?" Sikumwelewa. Nilimwona mwoga, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Naona aibu kuiandika sentensi hii, lakini nilimwambia.

Haikupita wiki mbili tukapata ujumbe. Ambaye hajalipa ahame mwisho wa mwezi. Na mleta ujumbe, mtu mwenye mdomo mwepesi, akatumwagia kilichobaki: kuna mfanyabiashara anaitaka ile sehemu, chumba cha nyuma kibomoke chenyewe, vyumba vya mbele viwe fremu mbili. Kwa hiyo hakuwa amesahau. Alikuwa anasubiri mvua imfanyie kazi, na mimi nilikuwa nimempa sababu ya kutufukuza kabla hata mvua haijanyesha.

Niliingia chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Yule mama alibisha hodi, akakaa kwenye kigoda changu, hakunisema hata kidogo. Aliniambia tu nitoe kodi yangu. Aliizungukia nyumba nzima, akapeleka zote kwa balozi, akazikabidhi mbele ya mashahidi wawili, akaomba balozi amwite mwenye nyumba aje kuzichukua kwa mkono wake. Siku ile nilijua maana ya mlango aliokuwa anausema. Mtu ambaye hakuja kwa ajili ya ukuta alikuja kwa ajili ya kodi.

Alikuja siku ya mnada, amevaa kofia mpya. Tulikaa nyumbani kwa balozi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumchana, lakini yule mama aliniketisha upande wake wa kulia, na kila nilipofungua mdomo alinifinya paja. Alipiga goti kidogo akamsalimia, "Mwadila, baba," akamwuliza habari za ng'ombe, za pamba, za watoto, za majani huko Nkololo. Alimwuliza kama maji ya lambo yanatosha. Nilidhani tutakesha hapo. Mwenye nyumba, aliyekuja amekunja uso, alianza kujibu, halafu akaanza kueleza, halafu akacheka. Ndipo mama akasema polepole, "Baba, tuna ule ukuta."

"Mimi sina nafasi," alisema mwenye nyumba. "Na siku hizi ni ruksa, kila mtu na mali yake. Mwenye haraka ahame."

"Hatuna haraka, baba. Tunaogopa mvua."

"Basi mkitaka kukandika, kandikeni! Nani amewashika mikono?"

Alisema kwa kejeli, akatazama huku na huku ili tucheke. Tusingeweza kugusa ukuta wa mtu bila ruhusa yake, hilo alilijua. Angesema tumemharibia nyumba. Sasa alikuwa ametoa ruhusa bila kujua kwamba ametoa. Yule mama aliinama hadi karibu na sakafu akashukuru. "Wabeja, baba. Wabeja sana." Akamgeukia balozi. "Umesikia, baba balozi? Mwenye nyumba ameruhusu nyumba yake ikandikwe." Balozi, ambaye hakuwa mjinga, aliitikia kwamba amesikia. Mwenye nyumba alichukua kodi yake akaenda mnadani.

Mimi nilidhani sasa tutachanga tumtafute fundi. Yeye Jumapili iliyofuata aliamka alfajiri, akaniachia mama yake nimlishe uji, akapanda baiskeli kwenda Nkololo. Hakwenda kwa mwenye nyumba. Alikwenda kwa nsumba ntale, kiongozi wa kikundi cha vijana cha kulima na kuvuna. Kikundi hicho kilikuwa na ngoma yake, na sare za ngoma hiyo alizishona yeye, msimu baada ya msimu, na kila walipochana suruali kwa kucheza alizishona tena bila kudai kitu. Hawakuwa wamepata nafasi ya kumfanyia jambo.

Inabidi nieleze kidogo, maana hata mimi wa Binza nilikuwa nimejisahaulisha mambo haya nikijiona mtu wa mafaili. Kwetu kikundi kikija kufanya kazi kwa mtu, mwenye kaya lazima awepo. Lazima awalishe, awashike mikono, awashukuru. Asiyetokea watu wakiwa kwenye tope kwa ajili yake, hagombani naye mtu. Wanaacha tu kwenda kwake. Pamba yake anaichuma na wanawe, na siku akifiwa anachimba mwenyewe. Hakuna mali ya ruksa inayoweza kumnunulia mtu watu wa kuja kwake. Nsumba ntale alipita kwa mwenye nyumba jioni ile ile, akamwambia kwa heshima zote, "Baba, tumesikia umeruhusu nyumba yako ya Somanda ikandikwe. Jumamosi tunakuja kukusaidia."

Niambie mtu huyo angejibu nini.

Ile Jumamosi walifika vijana kama thelathini, wengine kwa baiskeli, wengine wamedandia lori la pamba lililokuwa linakuja mjini. Walikuja na majembe, na fito mpya zimefungwa kwenye baiskeli, na wimbo. Majirani wa Somanda walitoka kutazama, wengine wakaingia kuchota maji. Tulimtoa bibi na kitanda chake, tukamlaza kwenye mkeka kivulini mbele ya chumba changu, na kila kijana aliyepita alimwinamia akamsalimia, naye aliitikia kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka.

Lakini mwenye nyumba hakuwepo. Saa mbili, hayupo. Saa tatu, hayupo. Watu wanakanyaga tope na hatuna hata debe la unga. Nilimnong'oneza mama, "Haji. Nakwambia haji, tutaaibika sisi." Alinitazama akaniambia nikachote maji.

Alitokea karibu saa nne. Kondoo dume alikuwa amefungwa kwenye kiti cha baiskeli, na nyuma yake mkewe juu ya baiskeli nyingine, na masufuria, na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Uso wa yule bwana ulikuwa wa mtu aliyemeza shubiri na anatakiwa asifu utamu wake. Kabla hajashuka, vijana wote waliacha kazi, wakampokea kwa wimbo, wakamshukuru kwa kuwaita. Nsumba ntale alimshika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, baba, kwa kutukumbuka." Nilimwona mwenye nyumba akifungua mdomo. Ilikuwa juu yake kusema kwamba hakuwaita. Akawatazama wale vijana thelathini, wapwa zake na watoto wa jirani zake, matope hadi magotini.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana kwangu."

Nilitaka kushangilia. Yule mama alikuwa ameshapokea masufuria kwa mkewe na kumwonyesha mahali pa kuwasha moto, anamwita mayu, yaani mama, anamsifia michembe yake, na hakumtazama mwenye nyumba hata mara moja kwa jicho la nimekuweza. Mimi nilimtazama kwa jicho hilo kwa niaba yake. Huo ndio ukweli.

Walitaka kuondoa ukuta wa zamani vipande vipande, kutoka juu. Kijana mmoja aliingia ndani kulegeza ile nguzo ya mkaratusi. Aliigusa tu. Wenzake walimvuta shati, akaruka nje, na ukuta mzima ukaanguka kwa ndani kwa kishindo kimoja. Vumbi likatoka mlangoni. Wimbo ulikatika. Vumbi lilipotulia tuliona sakafu ya chumba, na upande wote wa ukuta ulikuwa umejaa mabonge ya udongo mkavu yenye kufika kiunoni.

Mwenye nyumba alisogea mlangoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuchungulia chumba kile tangu akipangishe.

"Hapo palikuwa na nini?" aliuliza, akionyesha yale mabonge.

"Kitanda," alisema yule mama.

"Cha nani?"

"Chetu. Mama analala huku ndani. Mimi nalala ukutani." Akaona bado anatazamwa. "Mgongo nauweka kwenye ukuta, baba. Nilisema ukianza kusogea nitausikia mimi kwanza, nipate kumvuta."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyomweleza mteja kwa nini suruali inahitaji kushonwa mara mbili. Alikaa chini palepale kwenye kizingiti, huyu mwanamke ambaye kwa miezi yote ile nilimwona mtulivu hadi nikamwita mwoga, akafunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatetemeka. Mke wa mwenye nyumba aliacha moto wake akaja kumkumbatia. Mwenye nyumba alivua viatu, akavua ile kofia mpya akaiweka juu ya viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope pamoja na vijana. Hakutoka humo mpaka kazi ilipokwisha, na hakuna aliyemwimbia kwa sababu hiyo, walimsogezea nafasi tu.

Ukuta ulikamilika jua lingali juu. Fremu zake alikuja kuzijenga miaka miwili baadaye, katika kiwanja kilichokuwa wazi pembeni, na hakumwondoa mtu. Bibi alikaa katika chumba kile misimu mingine mitatu ya mvua na hakulala nyumba nyingine mpaka alipofariki. Haya niliyashuhudia.

Ila jioni ile, watu walipokwisha kula na kuondoka, tulibaki wawili uani tukisugua masufuria kwa majivu. Nilikuwa nawaza barua zangu tatu na nakala zake. Nilikuwa nawaza chumba changu cha tofali, kikavu, imara, kitanda kimoja, msichana mmoja mzima wa afya. Miezi mitatu nimepigania haki ya wale wawili kwa taipu na haikunijia hata siku moja kuwaambia njooni tubadilishane vyumba. Mwishowe nikamwuliza.

"Mama, mbona hukuniomba tubadilishane?"

Aliacha kusugua akanitazama, na nilivyomwona alikuwa ameshangaa kweli.

"Ili ulale wewe pale?" aliniuliza.